Jumamosi Bila Komeo

Jumapili, 2 Machi

Ligi imeanza na mvua imeanza, kama watu wawili waliopeana miadi. Tumeshinda mbili bila. Naandika nikiwa kwenye kiti cha cherehani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, maana kocha hukimbia zaidi pembeni ya uwanja kuliko winga anavyokimbia ndani.

Niweke mambo sawa tangu leo, nikija kuyasoma haya uzeeni nisijiulize nilikuwa nikimsema nani. Mchana mimi ni fundi cherehani, jioni ni kocha wa timu ya wanawake ya mtaa wetu. Mlezi wa timu ni mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye ndiye aliyeianzisha, akatutafutia nafasi kwenye ligi wakati wengine wakitucheka, na kwa hilo namheshimu. Golini yuko Komeo, fundi wa gereji, mfupi, mwenye viganja kama koleo. Jina alilopewa nyumbani hakuna anayelikumbuka. Nahodha ni beki wa kati, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya, na akiita mpira hata wenye maduka huchungulia. Winga wetu ni Umeme, ambaye hucheza akiwa amefunika nywele na mikono, na jezi yake nimeishona mwenyewe kwa kitambaa chepesi kisichobana. Katikati yuko Kwanini, ambaye haamini kitu asichoweza kukipiga teke.

Leo kabla ya mechi Nahodha aliwakusanya wote akaomba kwa sauti, kama wafanyavyo kanisani kwake. Umeme alisogea hatua kadhaa, midomo ikicheza na dua yake mwenyewe. Kwanini aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikwisha kufungwa. Komeo alitazama chini kwa adabu. Mlezi aliyaona yote hayo, na tuliposhinda hakuanza na pongezi. Alisema timu moja, dua moja, na kwamba watu wasioweza kusema amina pamoja hawawezi kulinda goli pamoja.

Nikamjibu kwamba kuanzia mechi ijayo tutasimama kimya kidogo, kila mtu na lake.

"Kocha," akasema, "kichwa chako kiko wazi mno. Siku moja upepo utakibeba."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Hakuna mazoezi. Nimeshona sketi za sare za shule na kuvunja sindano mbili.

Jumapili, 9 Machi

Moja bila. Tulisimama kimya kabla ya kuanza. Nahodha alinyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo na adui. Baadaye akaniambia kwamba kimya si maombi, kimya ni kimya tu. Nikamwambia aombe kimoyomoyo, Mungu si kiziwi. Hakupenda.

Alhamisi, 13 Machi

Uwanja umejaa maji mpaka bata wanaogelea penye eneo la penati. Wakuu wa ligi wamekaa na kuamua: wanaume wabaki na Jumapili yao, wanawake wahamie Jumamosi mpaka mvua zipungue. Kila panapobana, anayeambiwa asogee ni sisi.

Ijumaa, 14 Machi

Komeo alikuja dukani kwangu mchana. Alisimama mlangoni kwa sababu mikono yake ilikuwa na oili na alihofia vitambaa vya wateja. Akasema, "Shikamoo Kocha. Jumamosi mimi sichezi. Ni siku yangu ya ibada. Sifanyi kazi, sichezi, wala sinunui hata chumvi. Nilidhani unajua."

Nilikuwa na suruali ya mteja chini ya sindano. Nikasema sawa, nenda tu, hakuna neno. Aliniangalia kama anayesubiri niendelee, kisha akaaga.

Nilijiona muungwana kwelikweli. Ile suruali nikaimaliza.

Jumamosi, 15 Machi

Tumefungwa nne kwa moja.

Golini alisimama Twiga, msichana mrefu kuliko mlango wa duka langu, anayefanya kazi ya kufua hospitalini. Mipira ya juu aliidaka vizuri. Ya chini ilimpita kana kwamba imemwona na kumwomba njia. Kila goli lilipoingia Nahodha aliangalia upande wangu, si wa Twiga.

Chumba chetu cha kubadilishia nguo ni stoo ya mashine za kukata majani. Ndani ya harufu ile ya petroli Nahodha aliuliza, bila kupaza sauti, jambo ambalo kwake ni la kutisha, kama timu ina kipa au ina mgeni wa Jumapili. Akasema yeye pia ana imani, lakini imani yake haiwaachi wenzake matopeni. Umeme alikuwa anakamua soksi zake. Kwanini, ambaye huwa na swali kwa kila kitu, leo alikuwa akihesabu mipira.

Jumapili, 16 Machi

Mlezi alipita dukani kwangu akasema alichokuwa amekuja kusema: mwisho wa kuwapokea watu na imani zao zote ni kufungwa nne.

Nilipolisimulia nyumbani, mama mkwe, anayeishi nasi na ambaye sala zake hazijawahi kuchelewa, alimuunga mkono akiwa jikoni. Alisema mlango ulioachwa wazi hauchagui, huingia mgeni na huingia mwizi. Mume wangu, fundi bomba, alisema mlango uliofungwa siku zote nao unaitwa ukuta. Wakaanza kubishana juu ya milango mpaka chakula kikapoa, na mimi kocha nikasahaulika.

Lakini nililala na neno moja. Je, nilimruhusu Komeo kwa sababu naheshimu imani yake, au kwa sababu sipendi ugomvi? Mtu asiyekataa kitu huonekana ana moyo mkunjufu. Huenda hana uti wa mgongo tu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Mbili bila, tumefungwa. Twiga alilia ameshika mwamba wa goli. Mvua ilinyesha kipindi chote cha pili, na mpira ulikuwa unakwama kwenye madimbwi kama punda aliyegoma. Sisi ni wa tano sasa. Nahodha na Komeo hawasalimiani.

Jumanne, 25 Machi

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Mlezi aliitisha kikao dukani kwangu saa kumi jioni. Wachezaji walikaa juu ya marobota ya vitambaa, wengine sakafuni. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu: mchezaji achague, timu au Jumamosi. Hapo akaniachia mimi niseme la mwisho, kwa kuwa mimi ndiye kocha.

Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo nitoe ile sawa yangu ya kila siku, sawa kwa huyu na sawa kwa yule. Kabla sijaitoa, Umeme akaomba kusema. Umeme ni mtu wa miguu, si wa maneno, kwa hiyo tulimpa nafasi.

"Kocha, usinielewe vibaya," akasema. "Ulinishonea jezi ya mikono mirefu, ukanipa. Nilishukuru. Lakini hukuniuliza hata siku moja kwa nini navaa hivi. Wewe unaturuhusu. Hujatusikiliza."

Nilihisi kama nimechomwa sindano na mkono wangu mwenyewe. Kweli tupu. Nilikuwa nimewaweka wote ndani ya chumba kimoja na kumwambia kila mmoja ageukie ukuta wake. Nikauita huo uwazi.

Nikamwambia Mlezi kwamba kabla sijasema la mwisho nataka kusikia la kwanza. Kila anayetaka aseme anaamini nini na kwa nini, na wengine wamuulize watakalo. Masharti yalikuwa mawili: hakuna kucheka, na hakuna kusema sawa kabla hujaelewa. Mlezi alitazama saa yake, lakini akakaa.

Umeme alianza. Alieleza kuhusu kujifunika, na hakikuwa kile nilichokuwa nikidhani. Nilidhani ni amri ya baba yake, kumbe baba yake alimwambia mara nyingi kwamba uwanjani anaweza kuacha. Alichagua mwenyewe. Kwanini naye alisema haombi kwa sababu aliomba sana mama yake alipokuwa mgonjwa, mama akafa, na tangu hapo anaona aibu kuomba ushindi wa mpira. Nahodha, aliyekuwa akimtania kwa hilo kila wiki, aliinamisha kichwa.

Kisha Komeo.

"Siku sita niko chini ya magari na amri za watu," akasema. "Kila mtu ananiambia fanya hivi, harakisha, lete spana. Ya saba hakuna anayeniamuru ila Mungu. Nikiwapa ninyi siku hiyo, kesho ataitaka bosi, keshokutwa mwingine. Sitakuwa na siku. Na mimi bila siku hiyo si huyu mnayemwita Komeo."

Nahodha akamuuliza, "Na sisi tunaofungwa? Sisi si watu wa Mungu?"

"Ni watu wa Mungu. Na mimi nimewakosea," Komeo akasema. "Si kwa kutocheza. Kwa kukaa nyumbani siku nyingine zote kana kwamba Twiga hanihusu."

Walibishana tena, maana Nahodha si mtu wa kulainishwa na sentensi moja. Alisema wazi kwamba Komeo amekosea siku, kwamba vitabu vinasema vingine, na Komeo akamjibu kwa vitabu. Hawakukubaliana. Lakini waliongea wakitazamana, na baada ya wiki zile mbili hilo peke yake lilinipa pumzi.

Ndipo nikasema la mwisho, na safari hii lilikuwa langu. Komeo anabaki, na Jumamosi hachezi. Lakini kuanzia kesho, kila jioni ya mazoezi, atamfundisha Twiga kushuka chini. Nahodha atapanga mabeki upya ili wamlinde Twiga, si wamlaumu. Na asiyetaka aseme sasa.

Mlezi alisimama, akasema anaona tunajenga bila msumari. Akaondoka. Wachezaji walibaki.

Alhamisi, 27 Machi

Komeo anamlaza Twiga kwenye matope na kumwinua, anamlaza na kumwinua. Anasema kumshusha Twiga ni kama kukunja ngazi.

Jumamosi, 29 Machi

Sare, moja kwa moja. Twiga aliruhusu mpira mmoja wa chini na kuzuia mitatu. Nahodha alimshika begani baada ya filimbi. Sikusikia alichomwambia.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumeshinda! Mbili kwa moja, kwenye mvua, bila Komeo.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemkuta Komeo amekaa mbele ya duka langu kabla sijafungua. Alisikia habari ya ushindi juzi jioni, jua la Jumamosi lilipokwisha kuzama na akawasha simu. Alifurahi, lakini kwenye furaha yake kulikuwa na kitu kingine. Nikamuuliza. Sasa nauliza.

Akasema anaogopa hatakuwa na nafasi tena. Nikacheka, nikamwambia timu yenye makipa wawili haiogopi homa wala Jumamosi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mbili bila, tumeshinda. Umeme alifunga zote mbili. Leo wakati wa kimya chetu nilifumbua macho, na niliona kitu. Umeme alikuwa bado hajamaliza, na Nahodha, aliyekwisha kumaliza yake, alimwonyesha mwamuzi kwa mkono asubiri. Mwamuzi akasubiri.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua zimelegea, tumerudishiwa Jumapili. Komeo golini, tatu bila. Langoni alikuwa kama mtu mwenye njaa.

Jumapili, 4 Mei

Sare. Sitaki kuizungumzia.

Jumapili, 11 Mei

Tumeshinda, na kwa kuwa timu ya upande wa reli, inayoongoza ligi, imetoka sare, tuko wa pili, na mechi ya mwisho ni sisi na wao. Sare inawapa wao kikombe. Sisi lazima tushinde.

Nimekwenda nyumbani kwa miguu ili niimbe njiani bila kusumbua mtu. Mume wangu alinisikia tangu kona ya mtaa.

Jumapili, 18 Mei

Mechi ya mwisho ilikuwa iwe leo. Alfajiri ikashuka mvua ambayo sijaiona msimu wote, ya kumalizia ghala. Saa nne lango moja lilikuwa limezama nusu. Mechi imeahirishwa mpaka Jumamosi.

Nilisimama kwenye baraza ya stoo ya mashine na Komeo, tukitazama maji.

Jumatano, 21 Mei

Nahodha alikuja dukani kwangu masomo yalipokwisha, chaki bado kwenye vidole. Hakukaa. Alisema Mlezi amekwenda gereji kumwona bosi wa Komeo, na bosi amemwambia Komeo kwamba kama Jumamosi hachezi, Jumatatu asije kazini. Komeo hakutaka nijue.

Nikamuuliza Nahodha yeye amejuaje. Akasema alipita gereji kumpelekea Komeo kitabu walichokuwa wakibishania, akamkuta analia nyuma ya lori.

"Kocha, mimi bado naona amekosea siku," akasema. "Nitaona hivyo mpaka nife. Lakini hilo ni kati yake na Mungu wake. Mlezi hana kiti hapo."

Tangu Machi nimekuwa nikimwona Nahodha kama ukuta nitakaopaswa kuuzunguka. Leo nimeona ukuta huohuo ukisimama upande wa mwenzake.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda dukani kwa Mlezi. Alikuwa akimpimia mteja misumari. Nilisubiri mpaka mteja akaondoka.

Sitaki kumwandika kama mtu mbaya, maana si mbaya. Aliniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Alipokuwa kijana, mtaa huu uligawanyika kwa mambo ya dini, majirani wakaacha kuazimana hata kibiriti, na yeye akaapa kuanzisha kitu kimoja ambacho ndani yake watu watakuwa wamoja. Ndiyo timu hii. Kila nikiruhusu mtu na lake, yeye anauona ule mgawanyiko ukirudi kwa mlango wa nyuma. Alisema amejenga nyumba nyingi, na tofali likitaka kukaa linavyopenda, ukuta haupandi.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, na nilimwelewa. Nikamwambia hivyo. Kisha nikasema:

"Mzee, usidhani kusikiliza kwangu ni udhaifu. Nimekusikiliza tangu mechi ya kwanza. Jibu langu ni hapana. Komeo hachezi Jumamosi, na wewe utarudi kwa bosi wake umwambie amwache na kazi yake."

Aliweka mizani ya misumari chini. Sijui nani alishangaa zaidi, yeye au mimi.

"Na mkifungwa?" akauliza.

"Tukifungwa, Jumapili nitakuletea filimbi na funguo za stoo. Utafute kocha mwingine."

Akasema sawa. Nikamuuliza, na bosi je? Atakwenda, akasema, lakini baada ya mechi. Mtaa mzima alikuwa amekwisha kuuambia kwamba Komeo atacheza, na hakutaka kuonekana mwongo kabla ya siku.

Ijumaa, 23 Mei

Mazoezi mafupi. Jua lilikuwa bado juu kidogo Komeo alipokuja dukani, amenawa mikono mpaka kwenye viwiko. Safari hii aliingia ndani, akakaa juu ya robota.

"Nimesikia umeweka ukocha wako rehani kwa ajili yangu," akasema. "Kocha, ukiniambia nicheze kesho, nitacheza."

Wacha niandike ukweli. Nilimwona golini, nikaona kikombe, nikamwona Mlezi akinishika mkono. Neno lilikuwa moja tu, na yeye mwenyewe ndiye aliyelileta mpaka mlangoni. Hakuna ambaye angenilaumu.

Nikamuuliza, "Wewe unataka?"

"Hapana."

"Basi usicheze."

Alifunika uso kwa viganja vile vikubwa. Nilimwacha alie. Alipomaliza aliniambia kwamba Twiga bado anachelewa kushuka upande wa kushoto, nimkumbushe kukunja goti kwanza. Kisha akakimbia, maana jua lilikuwa linakwenda, na siku yake ya ibada huanza likizama.

Nimebaki hapa na cherehani. Nilidhani nitajuta. Najisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Jumamosi, 24 Mei

Niandike taratibu, nisije nikaruka.

Mvua haikunyesha. Uwanja ulikuwa mzito lakini unachezeka, na watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya ukuta. Mama mkwe alikuja na kiti chake. Mume wangu alikuja na bomba refu la plastiki alilokuwa akilipuliza kama baragumu, na nikajifanya simjui.

Timu ya reli ilipoona Twiga anaingia golini, kocha wao aligeuka kumtafuta Komeo kwa macho. Mtaa mzima ulikuwa umeambiwa na Mlezi kwamba Komeo atacheza, na wao waliliamini hilo kuliko sisi. Wiki nzima walikuwa wamejifua namna ya kumfunga kipa mfupi: mipira ya juu, krosi ndefu, vichwa. Na sasa mbele yao alisimama Twiga.

Kabla ya kuanza tulisimama kimya. Nahodha alisema jambo moja tu kwa sauti, "Na yule asiyekuwepo yuko nasi," kisha kila mmoja akashika njia yake. Kwanini alifumba macho. Sikumuuliza alisema nini, wala kama alisema.

Kipindi cha kwanza walileta krosi moja baada ya nyingine, na Twiga alizidaka zote kama anayechuma matunda bila ngazi. Watu walianza kucheka, kisha kushangilia. Ilipokaribia mapumziko kocha wao alishtuka akabadili, wakaanza kupiga chini. Mpira wa kwanza wa chini, upande wa kushoto, uliingia. Moja bila. Nilimwona Mlezi ng'ambo ya uwanja, mikono nyuma. Hakufurahi. Hilo nalo niliandike.

Kwenye stoo hakuna aliyelaumu mtu. Nahodha alimkalisha Twiga kwenye mashine ya majani, akampigia magoti, akamwonyesha namna ya kukunja goti la kushoto kwanza. Nilishangaa alikojifunza. Kumbe alikuwa akibaki kila jioni kutazama Komeo anavyofundisha.

Kipindi cha pili Kwanini alipokea mpira katikati, akawatazama watu wawili waliomjia kama anayewauliza wanakwenda wapi, akaupitisha kati yao. Umeme aliukimbilia. Yule dada akianza mbio matope husahau kushika. Moja kwa moja.

Sare ilikuwa inawapa wao, na walianza kuchelewesha, kila kurusha kukawa safari. Tukapata kona. Nilimwashiria Nahodha apande mbele, akapanda, na mpira ulipokuja aliita "Wangu!" kwa ile sauti ya kwaya mpaka mabeki wao wawili wakamwachia kwa woga. Akapiga kichwa. Mbili kwa moja.

Sikumbuki nilichofanya. Mume wangu anasema nilimkumbatia mshika kibendera.

Lakini mpira haukuisha. Walipata adhabu nje kidogo ya eneo, na mpigaji wao alikuwa amekwisha kuijua dawa: chini, kushoto. Nikaona goti la Twiga likikunjika kabla mpira haujaondoka. Alishuka. Mwili wote ule mrefu ulishuka kama ngazi inayokunjwa na mtu anayejua kazi yake, na mpira ukaishia kifuani kwake. Akalala juu yake hakuinuka mpaka filimbi ilipolia na wenzake wakamlundikia.

Jua lilipozama tulikuwa bado uwanjani. Komeo alitoka ibadani, akaja na nguo zake nzuri, akiwa hajui matokeo na anaogopa kuuliza. Nahodha alimwona wa kwanza. Alimkimbilia na matope yake yote, akamnyanyua juu, gauni na yote, na hakuna aliyehitaji kumwambia kitu. Wale wawili walizunguka pale wakicheka, waumini wa siku mbili tofauti. Nami nikafikiria kwamba kama tungekuwa na kipa mmoja na dua moja tungekuwa timu nyepesi kuongoza, na leo tungefungwa.

Jumapili, 25 Mei

Asubuhi Mlezi alipita gereji, ingawa ilikuwa imefungwa, akamfuata bosi mpaka nyumbani kwake. Komeo anarudi kazini kesho. Sikumkumbusha. Alikwenda mwenyewe.

Mchana akaja dukani kwangu. Kikombe kilikuwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, kati ya mkasi na chaki. Alikizunguka, akakigusa, akaniuliza kama naweza kumshonea jezi ya timu, yake mwenyewe, ya kuvaa msimu ujao. Nikasema naweza. Nikachukua futi.

"Ila tuelewane, Kocha," akasema. "Mimi bado sikubaliani na wewe."

"Najua, Mzee," nikamwambia. "Inua mikono nikupime."